Jua, Vitamini D na Miguu ya Mchezaji Kandanda



Leo tunaanza na barua. Msikilizaji wetu mmoja, mzazi anayeishi mjini Leicester, katikati ya Uingereza, ametuandikia kuhusu mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka 16. Kijana huyo ni winga katika timu ya vijana, na kwa maelezo ya baba yake, mwezi wa Agosti hakuna beki anayemfikia. Lakini kila unapoingia msimu wa baridi, kijana huwa mzito. Huchoka mapema, mipira ya juu humshinda, na tangu mwezi wa Januari amekuwa akilalamika maumivu kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Mwezi wa Aprili ana majaribio katika klabu moja kubwa. Rafiki wa familia amewaletea chupa ya vidonge vya vitamini D iliyonunuliwa kwa njia ya intaneti, kila kidonge kikiwa na uniti 50,000, na kuwaambia kwamba kijana akimeza kimoja kila siku hadi siku ya majaribio, atakimbia kama swala. Baba anauliza: Je, ni kweli? Na je, ampe?

Jawabu la swali la pili nitalitoa mapema, ili asiyeweza kutusikiliza hadi mwisho aondoke nalo. Asimpe. Lakini jawabu hilo peke yake halitoshi, kwani inawezekana kabisa kwamba kijana huyo kweli amepungukiwa na vitamini D, na kwamba baba yake, akiiweka chupa ile kabatini na kunyamaza, atakuwa ameepuka kosa moja na kuingia katika jingine. Kwa hiyo tuiangalie vitamini hii kwa utulivu: inatoka wapi, inafanya nini katika mwili wa mchezaji, na utafiti umesema nini hasa.

Mpenzi msikilizaji, jina lenyewe la vitamini linatupotosha kidogo. Vitamini nyingine kwa kawaida hatuna budi kuzipata katika chakula. Vitamini D mwili huitengeneza wenyewe, mradi ngozi ipate jua. Katika mwanga wa jua mna miale isiyoonekana kwa macho, iitwayo miale ya urujuanimno. Sehemu moja ya miale hiyo, ile ya aina ya B, inapoipiga ngozi, huigeuza kemikali fulani ya jamii ya kolesteroli iliyomo humo na kuifanya vitamini D. Damu huichukua hadi kwenye ini, ambako hubadilishwa umbo kwa mara ya kwanza, na umbo hilo ndilo wanalolipima mahospitalini. Kisha huenda kwenye figo, ambako hubadilishwa kwa mara ya pili na kuwa homoni kamili. Homoni hiyo ndiyo inayouwezesha utumbo kufyonza vizuri kalsiamu na fosforasi, madini ambayo kwayo mifupa hujengwa.

Elimu hii ilipatikana kutokana na mateso ya watoto. Katika karne ya 19 miji ya viwanda kama vile London na Glasgow ilifunikwa na moshi wa makaa ya mawe, na watoto wengi walikua na mifupa laini na miguu ya matege. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa mjini Berlin alionyesha kwamba watoto wa aina hiyo hupata nafuu wakimulikwa kwa taa yenye miale ya urujuanimno. Wakati huo huo, nchini Uingereza, mtaalamu Edward Mellanby alikuwa akionyesha, kwa kuwachunguza mbwa, kwamba mafuta ya ini la samaki huyazuia maradhi hayo hayo. Mwaka 1922 Mmarekani Elmer McCollum na wenzake wakathibitisha kwamba ndani ya mafuta hayo mna kirutubisho cha pekee, nacho kikapewa herufi D, kwa kuwa A, B na C zilikwisha kutumika. Mwaka 1928 Mjerumani Adolf Windaus akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyohusiana na elimu hiyo. Wasikilizaji wetu wenye umri mkubwa huenda wakakumbuka kijiko cha mafuta ya samaki walichonyweshwa utotoni huku wamebanwa pua. Kijiko hicho kilikuwa na sababu.

Sasa tumrejee kijana wetu wa Leicester. Uingereza iko mbali sana na ikweta. Katika miezi ya baridi jua hupita chini chini upeoni, na miale yake hulazimika kusafiri mwendo mrefu zaidi katika anga kabla ya kufika ardhini. Njiani ile miale ya aina ya B karibu yote humezwa. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani waliochunguza ngozi ya binadamu walionyesha kwamba katika mji wa Boston, ulio kwenye latitudo 42 kaskazini, hapatengenezwi vitamini D kuanzia Novemba hadi Februari. Katika mji wa Edmonton nchini Canada, ulio kaskazini zaidi, hali hiyo huanza Oktoba na kuendelea hadi Machi. Leicester iko karibu sawa na Edmonton kwa umbali wake kutoka ikweta. Kwa hiyo hata siku ile ya Januari ambapo mbingu ni safi na jua linang'aa, mtoto anayecheza mpira nje anapata mwanga na furaha, lakini vitamini D haipati.

Hapo tuongeze jambo la pili, nalo linawahusu wengi wetu tunaosikilizana kwa lugha hii. Weusi wa ngozi ni mwavuli. Ni neema kubwa chini ya jua la ikweta, kwani huikinga ngozi isiungue. Lakini mwavuli huo huo huzuia sehemu ya ile miale inayohitajika, na mtu mweusi huhitaji kukaa juani muda mrefu zaidi kuliko mtu mweupe ili apate kiasi kile kile cha vitamini D. Mwavuli uliofaa Tanga, Mombasa au Bujumbura, ukifunguliwa Leicester, Oslo au Minneapolis, unafunika hata kile kidogo kilichopo.

Je, wachezaji wa kulipwa, wanaofanya mazoezi nje karibu kila siku na kulishwa na wataalamu, nao hupungukiwa? Ndiyo. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika klabu moja ya Ligi Kuu ya Uingereza, uliowahusisha wachezaji 20. Kiwango cha vitamini D hupimwa kwa nanomoli katika kila lita ya damu, na wataalamu wengi huichukulia nanomoli 50 kuwa ndiyo alama ya utoshelevu. Mwezi wa Agosti wachezaji hao walikuwa na wastani wa nanomoli 104. Ilipofika Desemba wastani ulikuwa umeshuka hadi 51, na takriban theluthi mbili yao walikuwa chini ya 50. Hiyo ndiyo miezi ambayo ligi ya huko huwa na mechi za mfululizo, za Krismasi na za Mwaka Mpya.

Wasikilizaji wetu wa Muscat, Dubai na Doha huenda wakati huu wanatabasamu, wakisema kwamba hayo ni matatizo ya watu wa baridi, na kwamba wao jua wanalo hadi la kukimbia. Naam, na huko kulikimbia ndiko kwenye tatizo. Mwaka 2010 watafiti waliripoti habari za wanamichezo wanaume 93 waliopimwa nchini Qatar. Zaidi ya asilimia 90 yao walikuwa chini ya kiwango cha nanomoli 50. Mwaka 2014 ukatolewa utafiti mwingine wa wachezaji kandanda wa kulipwa 342 nchini humo humo, na asilimia 84 walikuwa chini ya nanomoli 75, ambacho ni kipimo kikali zaidi kinachotumiwa na baadhi ya wataalamu. Jambo hili si muujiza. Jua la Ghuba ni kali kiasi kwamba watu hulikwepa. Mazoezi hufanywa usiku chini ya taa, mchana hupitishwa ndani kwenye viyoyozi, na safari ni za gari lililofungwa vioo. Mavazi nayo huufunika mwili. Na ni vyema ieleweke kwamba kioo cha kawaida cha dirisha huizuia miale ya aina ya B, hata kama joto na mwanga vinapita. Mtu anayeota jua nyuma ya dirisha anapata joto tu.

Kwa upande mwingine, kuna utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2012, ambao wataalamu wa fani hii huutaja mara kwa mara. Walipimwa watu 60, baadhi yao wafugaji wa Kimaasai na wengine wawindaji wa Kihadzabe, wanaoishi maisha ya jadi na kushinda nje mchana kutwa. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115. Hawakuwa wakimeza kidonge chochote, na hata juani hawakukaa kwa makusudi, kwani saa za jua kali hutafuta kivuli kama mtu mwingine yeyote. Ngozi nyeusi, basi, haina kasoro. Iko sawa kabisa pale ilipozoea kuwa. Kilichobadilika ni mahali tulipohamia na namna tunavyoishi.

Hadi hapa tumeona kwamba upungufu upo. Sasa tuingie kwenye swali la kwanza la yule mzazi: Je, vitamini D humfanya mchezaji akimbie zaidi?

Wazo hilo halikuzuka hewani. Madaktari wanajua kwamba mtu aliyepungukiwa sana na vitamini D, kiasi cha mifupa kulainika, hudhoofika misuli pia, hasa ya mapaja na nyonga. Nyuzi za misuli zinazonyong'onyea zaidi ni zile za kasi, ambazo mchezaji huzitumia anapochomoka mbio au kuruka kupiga kichwa. Vitamini D hiyo hiyo, kwa kuiongoza kalsiamu, inahusika na jinsi msuli unavyokaza na kulegea. Kwa hiyo mtu hujiuliza: ikiwa ukosefu unadhoofisha, je, wingi hautatia nguvu?

Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza, wakiongozwa na Graeme Close, walitoa taarifa iliyoenea haraka miongoni mwa makocha. Katika sehemu moja ya utafiti huo walichukua wachezaji kandanda vijana 10. Watano walipewa uniti 5,000 za vitamini D kila siku kwa muda wa majuma manane. Watano wengine walipewa vidonge vya mfano visivyo na kitu ndani yake. Waliopewa vitamini D walipanda kutoka wastani wa nanomoli 29 hadi 103, na wakaongeza kasi katika mbio za mita 10 na kimo cha kuruka juu. Habari hizo zilipokelewa kwa shangwe. Lakini tazama mambo mawili. Kwanza, watu 10 ni wachache mno. Pili, waliopewa vitamini D walianza wakiwa na nanomoli 29, yaani katika upungufu mkubwa, ilhali kundi la pili lilianza likiwa na wastani wa 53.

Mwaka huo huo wa 2013 watafiti hao hao walitoa utafiti wa pili, na huu haukupigiwa vigelegele. Wanamichezo 30 wa vilabu waligawanywa katika makundi. Wengine walipewa uniti 20,000 kwa juma, wengine uniti 40,000 kwa juma, na wengine vidonge vitupu, kwa majuma 12. Vitamini D katika damu ilipanda vizuri. Nguvu za misuli na kuruka havikubadilika. Mwaka 2016 watafiti wa Poland nao walitoa matokeo ya vijana 36 wa kandanda waliofanya mazoezi makali kwa majuma manane, baadhi yao wakipewa uniti 5,000 kila siku. Kiwango cha waliopewa kiliongezeka zaidi ya maradufu, lakini tofauti ya uwezo wao uwanjani na ule wa wenzao ilikuwa ndogo sana, haikufaa kuhesabiwa.

Kuna pia utafiti wa Ugiriki wa mwaka 2014, uliohusu wachezaji wa kulipwa 67. Humo walionekana kwamba wenye vitamini D nyingi zaidi ndio walioruka juu zaidi, waliokimbia kasi zaidi na waliokuwa na pumzi zaidi. Mtu akiishia hapo atakimbilia duka la dawa. Lakini watafiti hao waliwapima tena wachezaji baada ya majuma sita ya mapumziko ya kiangazi. Vitamini D ilikuwa imepanda, kwa sababu watu walishinda juani. Uwezo wao ulikuwa umeshuka, kwa sababu hawakufanya mazoezi. Wahenga wetu walisema jogoo asipowika kutakucha. Mambo mawili yanaweza kwenda sambamba kila siku, na bado moja lisiwe ndilo linaloleta jingine.

Ukiziweka taarifa hizi pamoja, mpenzi msikilizaji, unapata maana moja. Vitamini D haiongezi kitu juu ya mtungi uliokwisha kujaa. Inachofanya ni kujaza mtungi uliopungua. Mchezaji aliyepungukiwa sana anaweza kurejeshewa kile alichokuwa amenyimwa, yaani kasi yake mwenyewe. Mchezaji asiyepungukiwa, ukimpa vidonge kumi, unamwongezea gharama tu. Wanaouza chupa hutumia matokeo ya kundi la kwanza kuwauzia watu wa kundi la pili.

Lakini kasi si jambo la pekee, na pengine si lililo kubwa. Kuna mifupa. Katika kila mazoezi mifupa ya miguu hupokea maelfu ya vishindo. Mfupa wenye afya hujikarabati usiku kucha. Mfupa uliokosa madini hubaki nyuma ya kazi yake, na taratibu hujitokeza ufa mwembamba kama unywele, mara nyingi kwenye muundi au kwenye mifupa ya wayo. Kamba hukatikia pabovu. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa wanawake zaidi ya 5,000 waliokuwa wakianza mafunzo katika jeshi la majini la Marekani. Waliopewa kalsiamu pamoja na uniti 800 za vitamini D kila siku walipata nyufa za aina hiyo kwa takriban asilimia 20 pungufu kuliko wenzao. Uniti 800, si 50,000. Na ili tusivuke mpaka, tukumbuke pia utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2022, wa watu wazima zaidi ya 25,000 ambao hawakuchaguliwa kwa sababu ya upungufu. Nusu yao walipewa uniti 2,000 kila siku kwa miaka mitano hivi, na idadi ya waliovunjika mifupa haikupungua. Mtungi uliojaa haukupokea maji zaidi.

Kwa uaminifu inapasa niseme na jambo jingine, lisilopatana vizuri na yale niliyotangulia kuyasema. Wamarekani weusi, kwa jumla, huwa na kiwango kidogo cha vitamini D kwenye damu kuliko Wamarekani weupe, na hata hivyo mifupa yao huwa mizito zaidi na huvunjika mara chache zaidi. Na wale wachezaji 342 wa Qatar walipopimwa nguvu za misuli ya mapaja, kiwango cha vitamini D hakikueleza mengi kuhusu nani ana nguvu na nani hana. Kwa hiyo namba moja ya maabara si hukumu. Mchezaji mwenye nanomoli 45 na asiye na tatizo lolote si mgonjwa, wala mzazi wake hana sababu ya kukosa usingizi. Namba hiyo hupata maana inapowekwa pamoja na mtu mwenyewe: dalili zake, chakula chake, mahali anapoishi na mwezi wa mwaka.

Na sasa tuifungue ile chupa ya vidonge vya uniti 50,000. Maji ya ziada mwili huyatoa kwa mkojo, na vitamini C ya ziada vivyo hivyo. Vitamini D haina njia rahisi ya kutoka, kwa sababu huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili. Ikizidi, kalsiamu hujaa katika damu. Mtu hupata kichefuchefu, kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, choo kigumu na uchovu, na mambo yakiendelea figo zinaweza kuharibika. Angalieni kwamba uchovu ni miongoni mwa dalili za kuzidisha. Baba atamwona mwanawe amechoka, naye atazidi kumpa kidonge kile kile kinachomchosha.

Mamlaka za afya za Uingereza, Umoja wa Ulaya na Marekani zinakubaliana kwamba kijana wa miaka 16, au mtu mzima, asizidishe uniti 4,000 kwa siku, ambazo ni sawa na mikrogramu 100. Kidonge kimoja cha chupa ile kina zaidi ya mara 12 ya kiasi hicho. Ni kweli kwamba madaktari wakati mwingine huandika dozi kubwa kwa mtu aliyepungukiwa sana. Lakini dozi hiyo hutolewa baada ya kupimwa damu, aghalabu mara moja kwa juma na kwa muda maalumu, na si kwa kushauriwa na rafiki. Nchini Australia, katika utafiti uliotolewa mwaka 2010, wanawake wazee walipewa uniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka, kwa nia njema ya kuwakinga wasivunjike mifupa. Walianguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko waliopewa vidonge vitupu.

Basi afanyeje mtu anayeishi mbali na ikweta? Tangu mwaka 2016 ushauri rasmi wa Uingereza ni kwamba kila mtu afikirie kutumia mikrogramu 10, yaani uniti 400 kwa siku, katika miezi ya vuli na baridi. Wenye ngozi nyeusi, wakiwemo wenye asili ya Afrika, pamoja na wale ambao mavazi yao huwafunika karibu mwili mzima, wanashauriwa kufikiria kuitumia mwaka mzima. Nchini Marekani na Canada kiasi kinachopendekezwa ni uniti 600 kwa siku, kikijumlishwa na kile kinachotoka katika chakula. Vidonge vya kiasi hicho ni vya bei nafuu na hupatikana katika maduka ya kawaida. Samaki wenye mafuta mengi, kama vile samoni, dagaa na vibua, wana vitamini D, na mayai pia yanayo kidogo. Ama walioko Ghuba, muda mfupi wa kutembea nje juani, mikono ikiwa wazi kwa anayeweza, ni mwanzo mzuri, ila wasingoje mpaka ngozi iungue. Na wale wanaopimwa Marekani wasishtuke kuona namba tofauti na hizi nilizozitaja. Huko hutumiwa nanogramu, na ili kupata nanomoli unazidisha kwa mbili na nusu. Yaani 20 ya Marekani ni 50 ya Uingereza.

Tumalizie pale tulipoanzia. Kwako wewe mzazi wa Leicester, nasema hivi. Usimpe mwanao vidonge vile, na wala usiupuuze ule muundi. Maumivu ya mfupa mahali pamoja, yaliyoanza Januari na bado yapo, ni jambo la daktari, na hadi aonwe, kijana apumzike asikimbie. Mweleze daktari kwamba anachoka pia. Yeye ataamua kama apimwe vitamini D, na pengine ataangalia mambo mengine yanayowachosha vijana wa umri huo, kama vile upungufu wa madini ya chuma, usingizi mchache na mazoezi yaliyozidi. Ikionekana amepungukiwa, atapewa dozi yake kwa kipimo, na atarejea taratibu. Ikionekana hakupungukiwa, utakuwa umeokoa fedha, na huenda umeziokoa figo zake.

Inawezekana majaribio ya Aprili yakampita. Najua hilo si jepesi kwa kijana wa miaka 16, wala kwa baba aliyemsindikiza kwenye mazoezi katika mvua na giza kwa miaka kadhaa. Lakini klabu zina majaribio kila mwaka. Ufa mwembamba kwenye muundi, ukikimbiliwa hadi ukawa mvunjiko, unaweza kumgharimu misimu, si mwezi mmoja. Kasi aliyokuwa nayo mwezi wa Agosti ni yake, haikutoka kwenye chupa, na mwili uliotunzwa utamrudishia.